Plota ya stika ya bei nafuu inayoelewana na Mac: ipi inafaa huku Lamu na Malindi?

mwana_wa_amu (Lamu)
Salaam aleikum. Naomba ushauri wa plota ya kukatia stika, ya bei ya chini, itakayofanya kazi na Mac. Kompyuta ni MacBook Air yenye chipu ya Apple ya M1. Kazi zenyewe: majina na namba za mashua za faiba, stika za vioo vya maduka, maandishi ya Kiarabu, na fulana msimu wa Maulidi. Wauzaji wa Mombasa wananisukuma kwenye zile za Kichina za 720 (milimita za upana), eti zinakubali kompyuta yoyote. Kweli zinakubali?

fundi_kisu (Malindi)
Waaleikum salaam, ndugu. Mashine yenyewe inakubali. Kinachokataa ni ile programu ya kwenye CD ndani ya boksi. ArtCut, SignMaster, VinylMaster, FlexiSIGN: zote za Windows. Muuzaji akisema "kompyuta yoyote", ana maana kompyuta yoyote yenye Windows, na yeye mwenyewe huenda hajui tofauti.

Kwa hiyo anzia mwisho urudi mwanzo. Chagua programu ya Mac kwanza, halafu tazama inaijua plota gani. Za kutegemewa si nyingi: Sure Cuts A Lot, Easy Cut Studio, SignCut, na Inkscape ambayo ni ya bure. Hizo mbili za kwanza zina orodha ndefu ya plota za Kichina. Pakua toleo la majaribio kabla hujatoa shilingi, fungua orodha ya plota, utafute jina lililobandikwa ubavuni mwa mashine unayoitaka.

Jina lisipokuwemo, bado kuna njia. Karibu plota zote hizo zinazungumza HPGL, lugha ya kuchora iliyoanzishwa na Hewlett-Packard. Ndani yake milimita moja ni vipimo 40, yaani inchi moja ni 1016. Plota inayoelewa HPGL unaweza kuitumia kwa jina la plota nyingine inayofanana nayo kwenye orodha, mradi kasi ya poti ilingane.

langoni_grafiki (Lamu)
Naongezea swali ambalo wanunuzi hawaulizi: chipu ya USB ni ipi? Ile tundu ya USB nyuma ya plota ya bei nafuu kwa kawaida ni poti ya siriali ya zamani iliyovishwa USB. Ndani kuna chipu ndogo ya kutafsiri, na Mac lazima iwe na draiva yake, yaani programu ndogo ya kuiendesha.

Ikiwa ni FTDI, huna wasiwasi. MacOS ina draiva yake ndani tangu toleo la Mavericks. Ikiwa ni CH340, macOS ina yake tangu toleo la Mojave, kwa hiyo M1 yako inayo. Ikiwa ni Prolific PL2303, kaa chonjo: kuna chipu bandia nyingi za jina hilo, na draiva halali huzikataa.

Muuzaji hatajua jibu. Nenda dukani na Mac yako na adapta ya USB-C. Kabla ya kuchomeka kebo, fungua Terminal, programu ya amri iliyo ndani ya Mac, uandike:

ls /dev/cu.*

Chomeka kebo, washa plota, rudia amri hiyohiyo. Ukiona mstari mpya kama /dev/cu.usbserial-1410 au /dev/cu.wchusbserial1410, Mac imeitambua. Usipoona kitu, kwanza angalia kama kuna kidirisha kinachouliza uruhusu kifaa kuunganishwa; laptop za M1 na kuendelea zikiwa na macOS Ventura au mpya zaidi huuliza, na ukipuuza ni kama hujachomeka. Ukiruhusu na bado kimya, jaribu kebo nyingine. Ikikataa tena, mshukuru mwenye duka uondoke.

fundi_kisu (Malindi)
Hapo langoni umegonga penyewe. Halafu hiyo namba ya mwisho kwenye CH340 hubadilika ukihamishia kebo kwenye tundu nyingine ya Mac. Programu itaendelea kutafuta ile ya jana na kusema plota haipo. Chagua tundu moja na usiihame.

watamu_stika (Watamu)
Mbona hakuna aliyetaja Silhouette Cameo? Kwa mtu wa Mac ndiyo njia isiyo na mawe. Silhouette Studio ina toleo la Mac, halina habari ya chipu wala kasi ya poti, unachomeka, inaonekana. Kampuni yenyewe ni tawi la Graphtec ya Japani, kwa hiyo si kichezeo ingawa umbo lake ni la kichezeo.

Mipaka yake ni hii. Cameo ya kawaida inakata upana wa inchi 12, kama sentimita 30. Studio ya bure haifungui faili za michoro za SVG. Hiyo inataka Designer Edition ya kulipia. Ila DXF inafungua bure, na Inkscape inahifadhi DXF: kwenye Save As chagua Desktop Cutting Plotter (AutoCAD DXF R14), weka kipimo kiwe mm. Ukifungua kwenye Studio pima upana papo hapo, maana faili ya DXF ikikosea kipimo hukosea kwa mara 25.4 na utaijua. Kuna pia kiendelezi cha bure cha Inkscape kinachotuma kazi moja kwa moja kwenye Cameo.

Cricut nayo inafanya kazi na Mac, lakini Design Space yake inategemea akaunti na intaneti. Mwaka 2021 walitangaza kuwawekea kikomo cha kupakia michoro 20 kwa mwezi wasiolipia, watu wakapiga kelele, wakarudi nyuma. Zana ya kazi isiyokuwa na uhakika wa masharti yake, mimi siipendekezi, tena mahali ambapo mtandao una siku zake.

mwana_wa_amu (Lamu)
Sentimita 30 si kidogo kwa majina ya mashua?

watamu_stika (Watamu)
Si kidogo, kaka. Jina hulala kwenye urefu wa roli. Upana wa mashine ndio kimo cha herufi, na herufi ya sentimita 28 inasomeka kutoka ng'ambo ya mkondo. Urefu wa jina ni urefu wa roli, na likizidi mita moja na nusu ligawe katikati ya maneno, kwa sababu roli huanza kwenda upande.

Ya 720 inamfaa mwenye kazi za vioo vizima na mabango. Nayo 720 ni upana wa karatasi inayoingia. Eneo la kukata ni kama milimita 630. Roli ya sentimita 61 inaingia barabara. Vinaili, ile plastiki ya stika, huku huuzwa sana kwa upana wa mita 1.22, kwa hiyo unaipasua katikati, vipande viwili, hakuna kinachotupwa.

tuktuk_maweni (Malindi)
Nyote mnazunguka. Nunua laptop kuukuu ya Windows 10, ya bei ya tairi mbili za tuktuk, iwe mtumwa wa plota. Mac ichore, Windows ikate. Faili kwenye flashi. Basi.

langoni_grafiki (Lamu)
Hiyo ni njia halali, sikatai. Ila pima: kifaa cha pili kwenye hewa ya chumvi, betri yake, virusi vya flashi za wateja. Na kama ndivyo, kuna njia fupi zaidi: baadhi ya plota za Kichina zina tundu la flashi ubavuni na zinasoma faili za PLT (ndani yake ni HPGL ileile) zenyewe, bila kompyuta. Inkscape inahifadhi HPGL. Badilisha mwisho wa jina la faili uwe .plt, weka kwenye flashi, kata. Hapo draiva, chipu, na M1 havina neno tena. Kwa mtu wa Mac, tundu hilo lina thamani kuliko skrini ya rangi wanayokusifia dukani.

Ambacho nisingekifanya ni kuweka Windows ndani ya Mac. Boot Camp, njia ya Apple ya kuwasha Windows kwenye Mac, haipo kwenye M1. Parallels inaendesha Windows 11 ya ARM, na draiva zilizo kwenye CD ya plota ziliandikwa kwa chipu za Intel, kwa hiyo hazikubali kusakinishwa. Unalipia Parallels ili upate tatizo lilelile kwenye dirisha jingine.

mwana_wa_amu (Lamu)
Nimeelewa. Na Kiarabu? Nikiandika kwenye baadhi ya programu herufi zinatengana na kwenda kinyume.

bi_wino (Malindi)
Hilo ni kawaida, mwanangu. Programu nyingi za plota hazijui kuunganisha herufi za Kiarabu. Andika kwenye Inkscape, yenyewe inaziunganisha sawasawa kutoka kulia. Ukimaliza, chagua maandishi, Path, Object to Path. Yakishakuwa mistari, programu yoyote itayapokea bila kuyaharibu.

Lakini usikate hapo. Kwenye fonti nyingi kila herufi ni umbo lake, na mkia wa moja unapita juu ya mwanzo wa nyingine. Plota itakata kila umbo, kwa hiyo ndani ya neno utakuta mikato inayopita kwenye viungo, na ukibandika neno linavunjika vipande. Dawa ni Object, Ungroup ikihitajika, kisha Path, Union. Geuza muonekano uwe Outline kuthibitisha: ukiona mstari wowote ukipita ndani ya neno, Union haikushika.

Nukta nazo ni kasheshe. Nukta ya chini ya milimita 3 huruka wakati wa kuchambua. Neno lenye nukta nyingi liandike kubwa, punguza kasi, na unapochambua vuta vinaili ya ziada kwa pembe kali, karibu ilale juu ya karatasi. Ukiivuta wima, nukta inakuja nayo. Hayohayo kwa stika za Kiswahili cha mwandiko wa kuunganisha. Watu hudhani ni tatizo la Kiarabu peke yake.

fundi_kisu (Malindi)
Bi Wino kasema. Sasa kwa atakayechukua ya Kichina na Inkscape, mipangilio ya kutuma ni hii. Extensions, Export, Plot. Kwenye Serial port andika ile njia uliyoiona Terminal, yote, kuanzia /dev. Baud rate, ndiyo ile kasi ya poti, 9600 kwanza. Nyingine zinataka 38400, tazama kwenye menyu ya plota. Command language ni HPGL. Resolution X na Y, 1016. Tool offset (ofseti ya kisu) 0.25, overcut (kisu kupitiliza kidogo ili umbo lifunge) 1.00.

Flow control ndiyo inayowatesa wengi. Plota ina kumbukumbu ndogo. Ikijaa lazima iiambie Mac isubiri. Wasipoelewana lugha ya kuambiana, Mac inaendelea kumwaga, amri za katikati zinapotea, na kisu kinapiga mstari mrefu kukatiza kazi yote. Dalili yake: maumbo madogo yanakatwa vizuri, kazi ndefu inaharibika baada ya dakika kadhaa, kila mara karibu pahali palepale. Ukiona hivyo usihangaike na kisu. Badilisha flow control, jaribu XON/XOFF, kisha RTS/CTS.

Mstari wa kukatiza ukitokea mahali tofauti kila mara, hilo ni jambo jingine: umeme au kebo.

langoni_grafiki (Lamu)
Na hilo la umeme huku Amu halina mzaha. Vinaili ikifunuliwa haraka huzalisha umeme tuli, unaruka kwenye chuma cha plota, USB inakatika katikati ya kazi. Plagi iwe ya pini tatu na waya wa ardhi uwe hai kweli. Nyumba nyingi za zamani tundu lina matundu matatu na nyuma yake nyaya mbili. Fundi umeme apime. Kebo ya USB isizidi mita 2, na uchague yenye kinundu cheusi karibu na kichwa. Usipitishie kwenye habu isiyo na umeme wake. Kwenye sola, inveta ya wimbi safi.

Mac nayo isilale. Ikilala, poti inakufa na kazi inakatika. Kwenye Terminal andika caffeinate, uache dirisha wazi mpaka umalize.

tuktuk_maweni (Malindi)
Haya nimeshindwa. Swali moja: pembe zangu za herufi zina masikio. Kwa nini?

fundi_kisu (Malindi)
Ofseti imezidi. Ncha ya kisu haiko katikati ya mhimili. Inaburutwa nyuma kama gurudumu la mkokoteni, na kwa visu vya aina ya Roland umbali huo ni kama milimita 0.25. Ukimwambia programu ni zaidi, pembe zinaota masikio. Ukimwambia ni pungufu, pembe zinakuwa za mviringo na duara halifungi. Badilisha kwa 0.05 kila mara. Na usiweke ofseti kwenye programu na kwenye plota kwa pamoja, maana zitajumlishwa.

Ukiwa hapo pima na ukubwa. Kata mraba wa milimita 200, upime kwa rula ya chuma. Ukipata 198 upande wa X, fanya 1016 mara 200 gawanya kwa 198, unapata 1026. Weka hiyo kwenye Resolution X. Y pima peke yake. Mota za stepa za bei nafuu hazilingani pande mbili.

mwana_wa_amu (Lamu)
Kisu kipi, na nguvu kiasi gani?

watamu_stika (Watamu)
Digrii 45 kwa vinaili ya kawaida. Digrii 60 kwa inayong'aa ya usalama barabarani na kwa maandishi madogo. Urefu wa kisu ndio watu wanakosea, wanakitoa nje sana kisha wanapunguza nguvu. Vinaili kama Oracal 651 ina unene wa mikroni 63, yaani nywele. Ncha itokeze kiasi cha kuihisi kwa ukucha tu. Anza na gramu 80, panda kumikumi. Kata mraba wa sentimita 2 wenye pembetatu ndani, chambua, kisha tazama karatasi ya nyuma: mkwaruzo hafifu ni sawa, karatasi iliyokatika ni nguvu nyingi au kisu kirefu. Kasi kwa mashine ya Kichina milimita 200 kwa sekunde, hata kama imeandikwa 800 kwenye boksi.

Ukikata kupitiliza, unachora mfereji kwenye utepe wa tefloni chini ya kisu. Kuanzia hapo kila mkato unaopita kwenye mfereji huo haushiki. Utepe unabadilishwa, bei yake ndogo; wengi hubadilisha kisu mara tano kabla ya kuutazama.

bi_wino (Malindi)
Fulana: vinaili ya joto inaingia upande unaong'aa ukitazama chini, na mchoro ugeuzwe kama kwenye kioo. Pamba, digrii 150 hadi 160, sekunde 10 hadi 15. Stika ya kubandika ndani ya kioo ikasomwa nje nayo igeuzwe. Msahaulifu aandike "GEUZA" juu ya skrini.

langoni_grafiki (Lamu)
Kuhusu mashua. Faiba ni rahisi: osha chumvi kwa maji ya kisima au ya bomba, sabuni, kausha, futa kwa spiriti, bandika juu ya mstari wa maji. Oracal 651 inatosha. 641 ni ya maisha mafupi zaidi, 631 ni ya ndani na inabanduka, usiiweke baharini hata ukipewa bure. Tepu ya kuhamishia ivutwe baada ya kusugua vizuri kwa kadi ya plastiki, na jua likiwa kali bandika asubuhi, kabla ubavu haujawa kaango.

Jahazi na mashua za mbao ni hadithi nyingine. Mbao iliyopakwa sifa, yale mafuta ya samaki, haishiki vinaili. Mafuta yanatoka kwenye mbao kila jua likiwaka, hata ufute mara ngapi. Hapo plota bado ina kazi: kata stensili. Unachambua kinyume, unatoa herufi na kubakiza uwanja wake. Bandika, paka rangi ya mafuta kwa brashi iliyokauka kauka, matabaka mawili membamba, kisha vuta stensili kabla rangi haijakauka kabisa. Rangi ikiwa nzito inaingia chini ya ukingo. Stensili ishike angalau dakika hizo za kupaka, basi pale mahali pa jina ukwangue kwa msasa hadi mbao kavu kwanza.

Na roli zako zikae kwenye mfuko wake wa nailoni, wima. Karatasi ya nyuma hunyonya unyevu, inatanuka kuliko vinaili, na roli inatoa vimifereji. Vinaili ya namna hiyo inaruka kwenye rola na kukata nusu nusu, mtu akalaumu mashine.

mwana_wa_amu (Lamu)
Shukran nyote. Nikihesabu kazi zangu, naona Cameo inanitosha, isipokuwa vioo vya maduka.

fundi_kisu (Malindi)
Vioo vingi ni maneno, si picha. Sentimita 28 ya kimo inamaliza maduka tisa kati ya kumi. Ukipata mkataba wa vioo vizima, hapo chukua 720 yenye tundu la flashi. Kama ungekuwa na bajeti mara kadhaa ya hiyo ningekutajia Graphtec CE LITE-50, ina Graphtec Studio ya Mac, lakini swali lilikuwa bei ya chini.

mwana_wa_amu (Lamu)
Na kuivusha kutoka gati ya Mokowe, bara, hadi kisiwani?

langoni_grafiki (Lamu)
Boksi livishwe nailoni nzima kabla ya gati, likae katikati ya boti, si mbele penye mawimbi. Cameo unaibeba begani. 720 boksi lake ni kama mita moja na punda atalibeba, ila lilazwe, lisisimamishwe kwa kichwa: reli ikipinda hata kidogo, kisu kinakata upande mmoja na kuparaza mwingine. Ukifika, toa sponji na zipu za kufungia kigari cha kisu kabla ya kuwasha. Ikiwashwa na kigari kimefungwa, mota inalia na mkanda unaruka meno.

tuktuk_maweni (Malindi)
Nimepunguza ofseti hadi 0.20, masikio yamekwisha. Duara limebaki wazi kidogo.

fundi_kisu (Malindi)
Overcut ipandishe hadi 1.5. Likifunga, irudishe kidogo kidogo mpaka uone linaanza kubaki wazi, kisha simama hatua moja kabla yake.